Tapikia Demani

Nikimwambia mteja kuwa kwetu ni Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, macho yake huteremka moja kwa moja kwenye mikono yangu. Mie ni fundi simu, kibanda changu kipo Darajani, na vidole vyangu vimezoea bisibisi na kioo kuliko mshipi. Lakini watu wa mjini wana imani yao: mtu wa Jambiani lazima awe mvuvi, na mvuvi lazima awe na kovu. Basi makovu ninayo. Moja ni la meno ya samaki kikande, jengine la miba ya mkunazi, na la tatu nilijikata na bati nikiwa mdogo, ila mteja akizidi maneno humwambia lile ni la papa.

Sasa mwezi uliopita nilipanda gari ya 309 nikaenda kumjulia hali shangazi. Nashuka, napita kwenye baraza la pwani, namsikia kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka anawahadithia wenzake kisa cha mtu aliyetapika baharini mpaka ngalawa ikajaa samaki ikataka kuzama. Akamalizia kuwa mtu mwenyewe alikuwa wa Makunduchi, kijiji jirani. Nikasimama pale pale. Makunduchi! Kisa nimekiugulia tumbo mimi, leo sifa kapewa mtu wa Makunduchi. Nimeona bora niandike, ipatikane nakala moja iliyo karibu na kweli.

Kwetu uvuvi haukumbukwi kwa kilo. Ukirudi na tenga zima la samaki changu, wataliwa usiku ule ule na kesho hakuna wa kukuuliza. Lakini ukiteleza kwenye mrengu, ule mti wa ubavuni mwa ngalawa, ukaanguka majini na kanzu yako, hilo litasemwa mpaka siku ya mazishi yako. Na nasema mazishi kwa kujua. Nimewahi kusindikiza jeneza watu wanacheka chini chini, si kwa ubaya, Mungu amrehemu, ila mmoja wetu alikumbuka siku marehemu alipoitupa nanga mpya baharini, akasimama kwa fahari kuitazama inavyozama, kisha akaulizwa kamba iko wapi.

Tuanze na hilo la kutapika.

Ngalawa ya mjomba ilichongwa kwa mwembe, kama nyingi za pwani yetu, na tanga lake lilikuwa na viraka vya magunia ya unga, hata likijaa upepo unasoma nusu ya jina la kiwanda. Aliipa jina la Haraka ya Nini. Jina lilimfaa yeye zaidi ya chombo. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, ambaye hatukuwahi kumwona akicheka. Husema neno moja, watu wote wakavunjika mbavu, na yeye keshageukia mshipi wake zamani.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, mie nipo darasa la saba, na nilikuwa nimemganda miezi mizima anichukue. Bahari ya Jambiani huiendei utakapo. Siku za bamvua maji yakipwa hukimbia mpaka mwambani, ngalawa zikabaki zimelala ubavu mchangani, kwani tofauti ya maji makubwa na madogo hufika karibu mita 4. Kwa hiyo safari hupangwa na mwezi, saa ya ukutani haina kauli. Nilimfuata baada ya isha.

"Umekula?"

"Nimekula, mjomba."

"Nini?"

"Chapati na maharage ya nazi."

Akafikiri kidogo. "Ungeongeza," alisema.

Nikadhani ni huruma.

Tulikuwa watatu: mie, mjomba, na swahiba wake mmoja mzee aliyevaa koti la mvua la njano. Koti alipewa na mtalii, na alilipenda kuliko wake zake wote wawili. Hilo alilisema mwenyewe, tena wake zake wapo. Tulitoka kwa upondo, polepole, tukikwepa vigingi vya mwani. Tangu mwani wa biashara uanze kulimwa Zanzibar mwaka 1989 pwani ile ina wenyewe, na mwanamke wa Jambiani akikuta kamba yake imekatwa na nanga yako, ni bora uhame kijiji. Tukapita mlango wa mwamba, tukatweka tanga, tukaenda mpaka mahali ambapo mjomba alipajua kwa kulinganisha taa mbili za nchi kavu. Moja ilikuwa ya msikiti. Ya pili nilikuja kugundua ukubwani kuwa ni ya baa ya hoteli. Miaka yote ile alivulia kwenye mstari wa msikiti na baa, na hoteli ilipofungwa akasema samaki wamehama.

Tukatia nanga. Ndani ya mwamba chombo hakitikisiki, ila nje ni habari nyengine. Mawimbi ya nje hayavunjiki. Yanakunyanyua taratibu, yanakuteremsha taratibu, halafu, ukishazoea, yanakupa ubavu. Nilivumilia nikitazama taa ya msikiti na kusoma nilichokijua. Kisha ikafika pahala nikasimama na kukimbilia ubavu uliokuwa karibu.

Ubavu ule ulikuwa wa joshini, unakotokea upepo. Mwenye kujua bahari keshaelewa. Upepo uliyachukua maharage, ukayageuza hewani, ukayarudisha chomboni yote, na yalipotua yalitua juu ya koti la njano.

Mjomba hakugeuza hata shingo. "Tapikia demani," alisema. "Joshini kuna watu."

Nikavuka kwa magoti nikatapikia demani, upepo unakoelekea, sasa kwa utulivu, maana aibu ilikwisha kupita. Mzee ananusa bega la koti. "Tui lilikuwa zito," alisema, na hadi leo sijui kama alikuwa analaumu au anasifu.

Hapo ndipo mshipi wa mjomba ulipovutwa. Akapandisha changu. Hajamtoa kwenye ndoana, wa mzee nao ukavutwa. Tangu tutie nanga samaki walikuwa wanadokoa chambo na kwenda zao. Sasa kila ndoana ikishuka inapokewa. Mie nimejilaza chini, shavu limo kwenye maji yaliyovuja, mkononi nimeshika kata ya kufulia maji lakini sifui, na samaki wananiangukia mgongoni. Kikande mmoja alinishika kidole hakukiachia mpaka mzee alipomtia kisu. Ndilo lile kovu la kwanza. Nilisikia wakizungumza juu yangu kwa furaha, kama sipo.

Kisha samaki wakapoa. Kimya. Nikamsikia mjomba anajikohoza.

"Mwanangu," aliniita, kwa upole ambao sijausikia kwake kabla wala baada ya usiku ule, "huna nyengine?"

Tulifika alfajiri. Chombo hakijagusa mchanga, yule mzee keshasimama omo, mbele ya chombo, na koti lake, anawatangazia walioko dikoni. Tangu siku hiyo naitwa Chambo. Si jina baya. Kijijini tunaye Supu Moto, na mwengine anaitwa Nusu Mlingoti, na hao wana watoto wakubwa. Siku ya ndoa yangu, shekhe alinitaja kwa jina langu na la baba yangu, na safu za nyuma zikaanza kuulizana ni nani huyo anayeoa. Mtu akawaambia, "Chambo." Wakatulia.

Na ngalawa haikukaribia kuzama. Samaki walikuwa wa kutosha, hawakuwa wa kuzamisha. Hiyo ni chumvi ya barazani, na barazani kila mvuvi ana mkono wake wa kupimia: leo samaki anaishia kwenye kiwiko, wiki ijayo begani, na kufika Ramadhani anahitaji mikono ya watu wawili.

Likizo moja akaja binamu yangu kutoka Dar. Kwao ni Bunju, kule mwisho kabisa wa Kinondoni, na hili lina kazi yake mbele. Alikuja na fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia uzi, kainunua Kariakoo, na kofia yenye kamba ya kidevuni. Njia nzima ya kuelekea mwambani anatueleza jinsi ya kurusha, jinsi ya kumchosha samaki, jinsi ya kumsoma. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama ile fimbo. "Na samaki nao wamefundishwa?" akauliza.

Binamu akarusha. Kusema kweli alirusha vizuri, ndoana ilikwenda mbali kuliko mishipi yetu yote. Ikapita robo saa, fimbo ikapinda, gurudumu likalia, jamaa akasimama katikati ya ngalawa, jambo ambalo halifanywi, akakunja uzi kwa nguvu zake zote. Kilichopanda kilikuwa samaki mnene wa madoa, hajai hata dhiraa. Alipokiweka chini, kikaanza kuvimba. Kwanza shingo, kama anameza kitu, halafu tumbo, halafu mwili wote ukawa mpira mweupe wenye vijiba, macho mawili yamebaki pembeni yanatutazama, meno yanasagana. Chombo kilipolala upande, likaviringika likamfuata binamu miguuni. Kilipolala upande wa pili, likaenda, likarudi.

"Linapasuka!" Binamu kapanda juu ya mti wa mrengu.

"Halipasuki," mjomba alisema. "Msalimie. Ni bunju, jirani yako."

Binamu alipotulia akataka kumchukua bunju nyumbani, maana nyama ilionekana nyingi. Hapo mjomba hakufanya mzaha. Bunju ana sumu, kwenye ini na mayai hasa, na sumu ile moto hauiondoi. Umchemshe usiku kucha, ukimla midomo inakufa ganzi na baada ya midomo ni pumzi. Akamtoa ndoana kwa koleo, akamrudisha majini, na bunju akaelea tumbo juu, angali kakasirika, anapelekwa na maji huku na kule. Baadaye akatoa upepo wake akazama.

Fimbo ya gurudumu ipo bado. Shangazi anaanikia vitambaa vya jikoni.

Na shangazi huyo, kwa maoni yangu, ndiye msasi hasa wa ukoo wetu. Wanaume wana vyombo, mikuki, mbwa na makelele. Yeye ana kijiti na kipande cha nondo. Siku za bamvua hutoka maji yakianza tu kupwa, kanga moja kiunoni na moja kichwani, viatu vya plastiki mguuni kwa sababu ya shuri, wale weusi wa miba mirefu. Ukikanyaga shuri bila viatu utakwenda nyumbani ukitafuta utomvu wa papai, na atakuacha uende peke yako, maji hayamngoji mtu.

Anatembea huku anazungumza habari za harusi ya mtu, hatazami chini, au ndivyo unavyodhani. Ghafla anasimama. Wewe unaona jiwe. Yeye kaona maganda: pweza akila kaa na chaza hutupa maganda mlangoni kwake, na vijiwe hujipangia mbele ya tundu. "Huyu yupo nyumbani," anasema. Anaingiza kijiti, hachomi, anatekenya. Anangoja. Anatekenya tena, upande mwengine. Mnyiri mmoja unatoka, mwekundu wa udongo, unagusa jiwe unageuka kijivu hapo hapo machoni mwako, kisha unakizunguka kijiti. Shangazi havuti. "Mwache akamate vizuri. Akishaamini ni chake, hatakiachia." Unakuja wa pili. Wa tatu. Ndipo anaposhusha nondo kwa nyuma, mvuto mmoja tu, na pweza yupo nje, na kabla hajajua kilichompata shangazi keshamgeuza kichwa ndani nje kama soksi. Yote hayo harusi ya watu bado inaendelea kusimuliwa.

Binamu aliona ni rahisi. Tundu lililofuata akasema, "Shangazi, nipishe." Akaingiza mkono.

Pweza akaupokea. Akashika vidole, akashika kiganja, akapanda mpaka kwenye kiwiko, na sehemu iliyobaki ikajishikilia ndani ya mwamba. Binamu kavuta, mwamba kavuta. Akaanza kupiga kelele kuwa anang'atwa.

"Hajang'ata bado," shangazi alimwambia. "Anakuonja."

Wanawake waliokuwa wanavuna mwani wakaacha kazi, wakasimama mikono viunoni, na mmoja akaita kutoka mbali: "Kavuliwa nani hapo?" Shangazi alimwachia kidogo ajifunze, kisha akainama akaingiza kijiti kando, akatekenya mahali anapopajua yeye, na pweza akalegea. Adhabu ikawa binamu ndiye wa kumtwanga. Pweza hapikiki hivi hivi, sharti apigwe juu ya jiwe mpaka atoe povu na nyama ilainike, na mkono wa kupigia ulikuwa ndio ule ule uliokwisha kunyonywa. Alirudi Dar na alama za duara mpaka kwenye kiwiko. Mama yake alimpeleka hospitali.

Binti yangu amesoma skuli kuwa pweza ana mioyo mitatu. Alipomwambia shangazi, yeye wala hakushangaa. "Mmoja wa kuishi, mmoja wa kupenda, na wa tatu wa kung'ang'ania fimbo za watu." Siku hizi kuna vijiji, Kisiwa Panza kule Pemba kikiwa kimojawapo, ambavyo hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na kwa kuwa mnyama yule hukua haraka mno, siku ya kufungua watu hupata wa maana. Shangazi anaunga mkono kwa sharti moja: siku hiyo wanaume wakae nyuma.

La mjomba na mzungu wa tiara nitalipitisha haraka. Kusi ikikaza, pwani ya Paje mbingu yote ni tiara, na chini ya kila tiara kuna mtu juu ya kibao. Moja ikakatika kamba ikaja kulala juu ya Haraka ya Nini, kamba zikajifunga kwenye mlingoti, foromali na shingo yangu. Mwenyewe akaogelea mpaka chomboni, anaomba radhi kwa lugha zote. Mjomba kimya, anakipapasa kile kitambaa baina ya vidole viwili. Akaniambia, "Muulize kama anabadilisha." Nikauliza. Jamaa akacheka akidhani ni mzaha. Tulikaa zaidi ya nusu saa kuzifungua kamba, na muda wote huo mzungu yumo chini anafua maji kwa kata, kwani mjomba alimkabidhi alipopanda tu. Kwenye Haraka ya Nini hapajakaa abiria.

Nchi kavu ndiko kwenye makubwa.

Nyuma ya kijiji chetu ardhi ni maweni, mwamba mtupu wenye mifuko ya udongo hapa na pale, na humo humo watu hupanda muhogo na kuzungushia bigili, yaani ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Nguruwe mwitu huja usiku, hulisukuma jiwe moja, bigili ikamwagika, akaingia. Tena hali chakula akashiba. Anang'oa shina hili anang'ata mara moja, anahamia la pili, anafika mwisho wa shamba. Hilo ndilo linalomuuma mkulima. Angekula akashiba angesamehewa.

Ami yangu alikuwa msasi. Paa hatuwagusi, paa nunga wamebaki wachache, na Jozani tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa. Nguruwe hana mtetezi, ila kwetu hana mlaji pia, kwa hiyo kumsaka ni kazi isiyo na kitoweo. Lazima uipende. Ami aliipenda, na alipenda mbwa wake, akawapa majina yanayofaa kuandikwa kwenye kanga: Watakoma, Mtanitambua, na Hayawahusu. Jioni husimama uani akaita kwa sauti, "Hayawahusu! Hayawahusu, njoo ule!" Jirani mmoja alivumilia mwaka mzima, kisha akaenda kumshitaki kwa sheha kuwa anatukanwa kila siku magharibi. Sheha akaja, akaita shauri, na katikati ya shauri mbwa mwenyewe akaingia alipoitwa. Kesi ikaishia hapo, ingawa jirani alitaka mbwa abadilishwe jina.

Siku ninayoisema tulikuwa kundi kubwa. Wavu umefungwa kwenye njia ya nguruwe, mahali miamba inapobana, wapigaji kelele wamezunguka upande wa pili na mbwa wenye njuga. Alikuwepo bwana mmoja, bingwa wa barazani, ana mkuki mpya unaong'aa, ambaye asubuhi yote alitufundisha namna ya kusimama: goti chini, mkuki mbele, macho kwenye macho ya mnyama. "Ukimtazama machoni hana ujanja," alisema. Ami alimweka karibu na wavu kwa heshima ya maneno yake.

Zikaanza njuga, mbali. Zikasogea. Kelele, mbwa, vijiti vinavunjika, na nguruwe akatoka, lakini hakutokea penye wavu. Alitokea mbele ya bwana yule, na wakatazamana machoni kama ilivyoelekezwa. Nilichokiona baada ya hapo ni mkuki umesimama wima ardhini peke yake. Mwenyewe yuko juu ya mkunazi.

Mkunazi mti wote ni miba. Kuupanda kwa kawaida hakuna anayeweza. Yeye aliupanda kwa msuli. Nguruwe akapita chini yake bila hata kumtazama, akageuzwa na mbwa, akaingia wavuni, ami akammaliza. Jambo lile lilikuwa fupi. Kumshusha bwana ndiko kulikochukua adhuhuri yetu. Kila akiteremka hatua tawi linamrudisha, msuli ulishabaki juu, na mie niliyepandishwa kumsaidia kwa kuwa mwembamba nikarudi na kovu la pili. Ami amesimama chini, mikono nyuma. Majani ya mkunazi kwetu ndiyo yanayooshea maiti. "Ukishuka shuka na majani kidogo," alimwambia. "Huenda ukayahitaji."

Nguruwe alikuja kuchukuliwa na jamaa wa bara waliokuwa kambi ya ujenzi wa hoteli, wana pikapu na furaha isiyo kifani. Wakauliza bei. Ami akasema pesa hataki, wamchukue pamoja na muhogo wetu uliomo tumboni.

Basi ukadhani yameisha. Sisi ni Washafi, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguruwe vile vile, na tohara yake ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Bibi alikuwa kashasimama mlangoni kabla sijafika uani. Maji ya kwetu ni ya kisima, yana chumvi, na yanabebwa kichwani. Udongo ndio adimu zaidi, kwani mtu akiwa na udongo mzuri maweni hupanda muhogo. Lakini bibi alikuwa na kopo la udongo mwekundu nyuma ya mlango, akiliweka kwa ajili ya shughuli hiyo tu.

"Simama hapo. Usiguse kitu. Bismillahi, ya kwanza."

Ya kwanza kwa udongo, ya pili, ya tatu, ya nne. Nimekwisha kutetemeka. Ya tano ikamwagwa, na jirani akapita njiani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Mguu unaendeleaje?"

Mguu ulikuwa unaendelea kwa urefu. Ikafuata bei ya mwani, ikafuata mtoto aliyefeli, ikafuata mvua. Mie nimesimama nachuruzika. Jirani alipoondoka bibi akarudi kwenye ndoo, akanitazama.

"Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya tano, bibi."

"Mtu hajishuhudilii nafsi yake. Tuanze."

Ami aliporudi alisema yeye keshajiosha kisimani, mara saba, kwa udongo na kila kitu. Bibi akamuuliza shahidi wake ni nani. Akasema Watakoma. Chakula chake kililetwa nje, chini ya mwembe.

Usiku ule ule nguruwe mwengine aliingia shambani kwa bibi mwenyewe, akamwaga bigili, akang'oa mstari mzima wa muhogo. Alfajiri bibi akaniamsha niende mbio nikamwambie ami afungue mbwa. Nikamuuliza kama udongo umebaki.

"Upo wa mara moja," alisema. "Safari hii tutaoshea jikoni, asipite mtu."